Jumatatu Sikuwa na Shaka

Mjukuu wangu Mwanasha, ambaye ni mkalimani kule mahakama ya Shanzu, ameniwekea karatasi na kalamu mezani akaniambia nisiinuke mpaka niandike. Anasema wenzake kazini, vijana kama yeye, wataka kusikia habari za ukalimani wa zamani kutoka kwa mtu aliyeufanya. Nilimwambia mimi sikuwa mkalimani wa mahakama, nilikuwa mkalimani wa ng'ombe. Akacheka hadi akashika ukuta. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na wala sioni haya. Nilisimama kati ya daktari wa mifugo na wenye mifugo kwa miaka mingi, na ng'ombe hawakunilalamikia hata siku moja. Waliolalamika ni watu, tena kwa haki.

Sitawaandikia yote. Nitawaandikia neno moja tu la Kiingereza lililonitoa jasho, na mama mmoja wa Mtongwe ambaye nusura afe kwa sababu yangu. Neno lenyewe ni doubt.

Niliajiriwa katika ofisi ya mifugo ya Likoni miaka michache kabla ya Uhuru. Ilikuwa nyumba ya mabati yenye vyumba viwili, na nyuma yake zizi na banda la kufungia mbwa. Tulikuwa watatu. Daktari wa mifugo alikuwa Bwana Rosi, mtu wa Skotilandi, mrefu, mwenye nywele nyekundu na maneno machache. Karani mkuu alikuwa Bwana Nair, aliyetoka kusini ya Bara Hindi, mtu nadhifu ambaye kola yake haikulegea hata mwezi wa Februari. Na mimi Hamisi, kijana wa Likoni, niliyeingia kazini kwa kiburi cha mtu aliyeshika nambari ya kwanza katika Kiingereza darasa zima.

Kiburi hicho kilianza kupasuka siku ya pili. Bwana Nair alinipa ripoti niisome kwa sauti, nikakuta neno hilo, nikalitamka kama lilivyoandikwa, na b yake nikaipigilia kama msumari. Bwana Nair akaweka kalamu chini. "Hamisi," akasema, "hiyo b ni mgeni aliyekaa barazani. Mwache akae, usimsemeshe." Nikajifunza kutoisemesha. Shuleni tulikuwa tumeliandika neno hilo tu, na mbele yake maana moja: shaka, kutosadiki. Nilidhani nimemaliza nalo.

Wiki hiyo hiyo Bwana Nair akaniita tena. Alikuwa ameshika orodha yangu ya mbuzi wa kijiji cha Shika Adabu. Akaniambia kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kwamba ana doubt katika orodha yangu. Damu ikanipanda. Ana shaka nami! Ananiona mwongo! Nikaweka mkono kifuani nikamwambia, "Wallahi Bwana Nair, mbuzi wale niliwahesabu kwa macho yangu mawili, na kama hunisadiki niletee msahafu niushike hapa hapa." Yule bwana akanitazama kama nimeshikwa na homa. Alichotaka kujua ni kama ile herufi niliyoandika kando ya mbuzi wa Bi Riziki ni d ya dume au j ya jike. Basi. Kwao, nilikuja kujua, mtu akisema ana doubt, ana swali tu. Mwanafunzi ananyoosha mkono, anamwambia mwalimu ana doubt, na mwalimu wala hanuni.

Mngedhani nimepata funzo hapo. Sikupata. Nilicheka tu, nikawasimulia wenzangu barazani jinsi Wahindi wanavyokosea Kiingereza. Hivyo ndivyo ujana ulivyo. Ukikuta mtu analitumia neno kinyume na ulivyofundishwa, unasema yeye ndiye aliyepotea.

Kiingereza cha Bwana Rosi kilikuwa kazi nyingine. Alisema kama mtu anayetafuna changarawe, na nilihitaji miezi mitatu kabla ya kumfahamu bila kumtazama mdomo. Siku moja tulikwenda kwa mzee mmoja aliyeswaga ng'ombe wake nje ya eneo tulilolifunga kwa sababu ya ugonjwa. Mzee akaapa kuwa hakuwaswaga, ng'ombe walivuka wenyewe, wakafungua na lango. Bwana Rosi akamtazama, akasema, "No doubt." Nami kwa haraka yangu nikafasiri: "Mzee, Bwana hana shaka nawe hata chembe." Yule mzee akafurahi, akamkumbatia Bwana Rosi kiunoni, akamwombea dua ya umri mrefu. Bwana Rosi, ambaye alikuwa tayari ameshatoa kitabu amwandikie faini, akaniuliza kwa nini mtu huyu anamshukuru. Ndipo nikajua kwamba yale maneno mawili, yakisemwa kwa jicho lile, maana yake ni "Ndiyo, wee, endelea kunidanganya."

Hapo nilijifunza jambo la kwanza la kazi yetu: mtazame anayesema. Neno linatoka kinywani lakini maana yake mara nyingine iko kwenye nyusi. Jambo la pili, sema kama yeye alivyosema, usiseme "anasema hivi, anasema vile", maana ukijiweka katikati utaanza kuongeza chumvi yako. La tatu nitawaambia nililipata wapi, nalo lilinigharimu.

Ilikuwa Jumatatu, wakati wa masika. Asubuhi na mapema vijana wa Mtongwe walileta mbwa wamemfunga ndani ya wavu, juu ya mkokoteni. Mbwa mwenyewe hakuwa na mwenyewe, mbwa koko tu. Alikuwa amemwuma mama mmoja mkononi, chini kidogo ya kiwiko, alipokuwa amekaa uani kwake akishona makuti. Mama huyo, Bi Mejumaa, alikuja nyuma ya mkokoteni pamoja na mumewe Kassim, mkono umefungwa kwa kipande cha leso. Nilimjua kwa sura, kwani makuti yake ndiyo yaliyoezekea nusu ya Likoni.

Tukamtia mbwa bandani. Taya lake la chini lilining'inia, mate yakimtiririka kama uzi, na kila kilichomgusa alikiuma, hata chuma. Bwana Rosi akachutama mbele ya banda, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akapangusa mikono. Wakati huo huo simu ikalia ndani. Ilikuwa habari ya ng'ombe wanaokufa upande wa Kwale, wamekufa sita tangu alfajiri. Bwana Rosi akatoka na mkoba wake tayari begani, na alipokuwa akiingia kwenye Landrova akaniambia, "I doubt that dog's mad, Hamisi. You know what to do." Akawasha gari akaenda.

Bwana Nair siku hiyo alikuwa kisiwani, ng'ambo ya feri, makao makuu. Nilibaki peke yangu na watu.

Na kweli nilijua la kufanya. Kanuni ilikuwa ubaoni. Mbwa akiwa ni kichaa, aliyeumwa anapewa barua saa hiyo hiyo apelekwe hospitali kisiwani akadungwe sindano za tumboni, moja kila siku, siku kumi na nne. Mbwa asipokuwa na kichaa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi, mtu aende zake. Nami Bwana alikuwa ameniambia ana shaka kama mbwa huyu ni kichaa. Nilimtazama yule mbwa, taya linaning'inia, na ndani yangu kitu kikaniambia, mbona hivi? Lakini nilikinyamazisha. Daktari ni yeye au mimi? Niliyaacha macho yangu nikafuata daftari langu la shule.

Nikawageukia. "Bwana hadhani kama mbwa huyu ni kichaa," nikasema.

"Alhamdulillahi!" akasema Kassim, akakaa chini kwenye ngazi.

Bi Mejumaa hakukaa. "Basi zile sindano za tumboni?" akauliza.

"Hudungwi, mama. Hazina haja."

"Una hakika, mwanangu? Maana nina safari. Mdogo wangu amejifungua kule Mwakirunge, natakiwa nikamwangalie."

"Nenda salama, mama. Sina shaka."

Nilimwosha lile jeraha mwenyewe, kwa sabuni, kwa muda mrefu kama Bwana Rosi alivyonifundisha. Katika yote niliyoyafanya siku ile, hilo ndilo la maana. Akanishukuru, akaniahidi makuti ya kuezekea jiko la mama yangu. Nilirudi mezani nimejaa furaha. Kumpa mtu habari njema ni utamu, vijana wangu, na utamu huo ni hatari kwa mkalimani. Habari ninayoipenda huwa siigongi kama chungu kusikia kama ni nzima.

Yule mbwa akafa Jumanne jioni. Nikaandika katika sajili: amekufa. Bado sikushtuka. Nilisema labda ni njaa.

Jumatano asubuhi Bwana Rosi akarudi, matope hadi magotini. Kitu cha kwanza alichouliza ni nakala ya barua ya hospitali.

"Barua gani, Bwana?"

"Ya yule mama aliyeumwa."

"Sikumwandikia. Wewe ulisema mbwa si kichaa."

"Nilisema ni kichaa."

"Ulisema you doubt."

"Ndiyo. Nilisema I doubt he's mad. Nilimwona kwa macho yangu kuwa ni kichaa, ningesemaje?"

Bwana Nair akainua kichwa kutoka kwenye vitabu vyake. Nikaona rangi ikimtoka Bwana Rosi usoni, akakaa juu ya meza yangu, akasema polepole, kama anajisemea mwenyewe, "Hamisi, kwetu mama yangu akisema I doubt it'll rain, huyo anakwenda kuanua nguo."

Nikamwuliza Bwana Nair kama ndivyo Bwana anavyosema siku zote, kisha nikamwuliza Bwana Rosi tena. Nilisikia neno la mama yangu mwenyewe masikioni: nachelea. Nachelea mvua itanyesha. Nachelea mbwa huyu ni kichaa. Hilo ndilo alilosema yule mtu, neno la mtu anayeliona baya linakuja na hataki kulitaja kwa nguvu. Kiswahili kilikuwa nalo muda wote, kinywani mwa mama yangu, nami nikaenda kuchukua lile la daftarini. Na hata hilo shaka, kama ningelifikiri kidogo, lingenionya. Mtu akisema anashuku mwizi ameingia, hasemi kwamba mwizi hakuingia. Shaka na kushuku ni nyumba moja. Sisi wenyewe tunalo neno linaloangalia pande mbili, halafu tunashangaa Waskoti kuwa nalo.

Bwana Rosi hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alisema tu kwamba ugonjwa ule unaweza kulala mwilini wiki, au miezi, na kabla haujaamka sindano zinafaa. Ukiamka, mtu akaanza kuogopa maji, hakuna daktari duniani. Nilikuwa nimeshaona ndama aliyeumwa na mbwa kichaa; sauti aliyotoa siku ya mwisho naijua mpaka leo.

"Nitapiga simu polisi watume askari kumtafuta," akasema.

"Hapana, Bwana. Askari akifika pale wataficha kila mtu. Nilimwambia mimi kwa mdomo wangu. Nitamwambia mimi kwa mdomo wangu."

Akanitazama, akakubali. "Basi mimi natangulia hospitali wawe tayari na dawa. Wewe niletee huyo mama leo."

Nilikimbia kwanza Mtongwe, nikiomba awe hajaondoka. Kassim nilimkuta uani akichanja kuni. Nikamwamkia, nikamwambia yote kwa mara moja, maana nilijua nikianza kuzunguka sitafika.

"Ngoja," akasema Kassim. Shoka lake bado lilikuwa mkononi. "Juzi si kichaa. Leo ni kichaa. Kesho mtasema nini nyinyi watu wa ofisi?"

"Bwana hakukosea, kaka. Nilikosea mimi. Alisema jambo nikaliwasilisha kinyume chake."

"Na leo nitajuaje hukukosea tena?"

Nikamwambia mbwa amekufa, hilo akaliangalie kwa macho yake, halihitaji mkalimani. Kassim akatupa shoka chini. Akasema mkewe aliondoka jana asubuhi kwenda Mwakirunge, na atakaa siku arobaini za mzazi. Yeye hawezi kuwaacha watoto peke yao, atatufuata akipata wa kuwaangalia. "Lakini simlazimishi," akasema. "Wewe ndiye uliyemwondolea hofu, nenda ukamrudishie mwenyewe."

Siku arobaini. Na Bwana Rosi alimtaka siku ile ile.

Nilirudi mbio ofisini, nikamkuta Bwana Rosi ndiyo kwanza anaondoka, akanivusha kwa feri pamoja na baisikeli ya ofisi, akaniteremsha penye daraja la Nyali, lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji. Kutoka hapo yeye akaelekea hospitali, mimi nikapiga pedali. Kisauni nilipita bila kumwamkia mtu, jambo ambalo nililaumiwa kwalo baadaye. Baada ya Kisauni njia ikawa matope matupu. Gurudumu la nyuma likajaa udongo hadi likakataa kuzunguka, nikalisafisha kwa kijiti mara tatu, mara ya nne nikaiacha baisikeli kwa mwenye duka mmoja nikaenda kwa miguu. Viatu nikavivua nikavifunga shingoni.

Nitawaambia nilichokuwa nikifikiri njiani, ingawa si cha kujivunia. Nilikuwa nikitunga uwongo. Nilikuwa nao tayari, umepigwa pasi: kwamba Jumatatu mbwa alikuwa mzima, na kichaa kimemshika Jumanne, kwa hiyo daktari amebadili shauri. Ni uwongo mzuri. Usingemwaibisha mtu. Bi Mejumaa angeinuka bila maswali, na mimi ningebaki Hamisi bingwa wa Kiingereza. Lakini kadiri nilivyoukaribia mji wake ndivyo nilivyouona ubovu wake. Akija kuuliza hospitali, "Mbona mbwa huyu juzi alikuwa mzima?", daktari wa huko atamwambia kweli, na siku hiyo hatanisadiki mimi, wala Bwana Rosi, wala hiyo sindano. Mtu asiyesadiki atadungwa moja, mbili, ya tatu ataikimbia. Nikautupa uwongo huo matopeni, nikaongeza mwendo.

Adhuhuri ilikuwa imekwisha kuadhiniwa nilipofika. Nikabisha hodi, nikakaribishwa. Bi Mejumaa alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitoto kichanga mapajani, mkono umefungwa kitambaa safi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ewe, ni wewe wa ofisini? Mbona umekuwa tope tupu? Kassim ana nini?"

"Kassim mzima. Nimekuja kwa ajili yako." Nikakaa chini palepale mlangoni, nje ya mkeka ili nisiuchafue. "Mama, Jumatatu nilikwambia uwongo bila kujua. Daktari alisema yule mbwa ni kichaa. Alitumia neno ambalo nililijua kwa maana moja, naye alikuwa na nyingine. Nikakupa yangu. Mbwa amekufa. Yatupasa twende hospitali leo, wanakungoja."

Hakupiga kelele. Alimpangusa mtoto mdomo kwa ncha ya leso yake. Mdogo wake, aliyekuwa amelala nyuma ya pazia, ndiye aliyeanza kulia.

"Sindano za tumboni," akasema Bi Mejumaa.

"Ndiyo, mama. Kumi na nne."

"Nisipokwenda?"

"Huenda usipatwe na kitu. Na huenda ukapatwa, na ukipatwa hakuna atakayeweza kukusaidia."

Akanitazama machoni. "Una shaka?"

"Sina shaka, mama."

"Jumatatu pia hukuwa na shaka."

Vijana wangu, nimehojiwa na mahakimu katika maisha yangu, na wakaguzi, na mkuu wa wilaya aliyekuwa na hasira. Hakuna aliyenikamata kama mama yule aliyekuwa amekaa kwenye mkeka. Nikamjibu kile nilichokuwa nacho.

"Jumatatu sikuwa na shaka kwa sababu sikuuliza. Niliona taya la mbwa linaning'inia, moyo ukanambia uliza, nikaona haya daktari asije akasema sijui Kiingereza. Leo nimeuliza. Nimemwuliza yeye, nimemwuliza na karani, nikamwuliza tena. Ndiyo tofauti."

Akampa mdogo wake mtoto, akaanza kufunga bunda lake. "Nitakwenda," akasema huku akinipa mgongo, "lakini hao wa hospitali ni Wazungu na Wahindi, nami sijui lugha yao. Wewe ndiye utakayenisemea, siku zote kumi na nne, hapokei mtu mwingine. Na kila neno usilolijua utauliza, nikikusikia."

"Naam, mama."

"Nikikusikia," akarudia.

Mungu hakututupa. Lori la mawe lilikuwa likitoka machimboni kwenda Kisauni, dereva akampakia Bi Mejumaa mbele, mimi nyuma juu ya mawe. Alasiri tulikuwa hospitali. Bwana Rosi alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, kofia magotini, na alipomwona yule mama akasimama wima kama amemwona mkubwa wake. Akamwambia maneno machache, nami nikayafasiri bila kupunguza: "Nilisema kwa namna ya kwetu bila kufikiri nani ananisikiliza. Kosa ni letu wawili. Unisamehe." Bi Mejumaa akasema amesamehe, na je, sindano yenyewe i wapi, jua linakwenda.

Kila asubuhi tulivuka kwa feri, yeye na mimi, na mara nyingine Kassim. Bwana Nair alinishikia kazi zangu bila kunung'unika. Daktari wa hospitali alikuwa mtu wa haraka, maneno yake yakimtoka kama mvua juu ya bati. Mwanzo nilikuwa nikitikisa kichwa, kisha nafasiri. Bi Mejumaa, amelala pale kitandani tumbo limevimba kama limepigwa na nyuki, alikuwa akinisukuma kwa kidole cha mguu. "Umeuliza?"

"Nimemfahamu, mama."

"Sikukusikia ukiuliza."

Basi nauliza. Na ajabu ni kwamba mara tatu katika siku zile kumi na nne, nilipouliza neno nililodhani nalijua, nikakuta silijui. Yule daktari mwanzo alikunja uso. Siku ya saba akaanza kusema polepole. Siku ya kumi na mbili akaanza kuniuliza yeye, watu wa Mtongwe wanasemaje kuhusu maumivu ya namna hii, wanayaitaje. Hilo ndilo jambo la tatu, vijana wangu, na ndilo kubwa. Mnaogopa kuuliza kwa sababu mwadhani mtu atasema hamjui kazi. Ulizeni. Mshahara wenu ni wa kuuliza.

Ile nusu ya pili ya hofu ilikuwa kungoja. Kichwa cha mbwa kilipelekwa maabara huko bara, na jibu likarudi: kichaa, bila wasiwasi wowote. Siku arobaini zikapita. Kila nilipopita Mtongwe nilitafuta sababu ya kupita uani kwa Bi Mejumaa, nikimwomba maji ya kunywa, kisha namwomba na yeye anywe pamoja nami. Mara ya tano akanigundua. Akachota kata nzima, akainywa yote mbele yangu bila kupumua, akaigeuza juu chini. "Haya, nenda kazini," akasema. Miezi ikapita, na mwaka, na hakupatwa na kitu. Makuti ya jiko la mama yangu aliyaleta, na nilipojaribu kukataa alinitazama kwa namna ambayo sikukataa tena.

Bwana Rosi aliondoka kabla ya bendera kubadilishwa. Aliyemfuata alikuwa kijana wa bara, Mwafrika mwenzetu aliyesomea udaktari wa mifugo ng'ambo, mtu mwema, ila Kiswahili chake hakikutosha kwa mambo ya dawa, akaniomba nisimame kando yake. Wiki chache kabla ya Uhuru tuliitisha mkutano Likoni, watu wote wenye mbwa na wasio na mbwa, kuwaeleza habari za chanjo. Watu walikuwa wengi, wamejaa matumaini na wamejaa ujuaji pia, maana siku zile kila mtu alikuwa amekuwa mkubwa.

Mzee mmoja akasimama akauliza kama dawa itafika Mtongwe wiki hiyo. Yule daktari mpya akajibu kwa Kiingereza. Alisema, "I doubt it will."

Nilijua maana yake. Mtu huyu hakuwa Mskoti. Ningeweza kufasiri nikiwa nimelala. Watu wote walikuwa wakinitazama, na jua lilikuwa kali, na mkuu wa wilaya alikuwa ameketi pale akitazama saa yake. Nikamgeukia daktari, nikamwambia, "Samahani, Bwana. Una maana haitafika, ama wachelea itafika kabla hatujawa tayari?"

Watu wakaguna. Kijana mmoja aliyevaa tai akasema kwa sauti, "Mkalimani gani huyu asiyejua Kiingereza chepesi hivyo?" Wengine wakacheka. Yule daktari naye akasita, hajui kama aniokoe ama acheke na wao.

Ndipo upande wa wanawake mtu akasimama. Hakuwa mrefu, lakini leso yake ilikuwa imerudishwa begani, na mkono wake mmoja, wenye kovu chini ya kiwiko, ameuinua juu.

"Mwacheni aulize!" akasema Bi Mejumaa.

Nami nikauliza tena.